Spea au Matairi Pacha? Historia ya Mashine Inayokaa Bure

Leo siandiki siasa. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Juni 2023. Nimelisoma, nimeliulizia kwa wenye fani yao, na nimegundua lina historia ndefu kuliko nilivyodhani. Basi vuta kiti.

Ilikuwa siku ya bajeti. Mimi niko Dodoma, laptop mapajani, waziri kamaliza kusoma, na saa moja na nusu usiku nami nimeshamaliza kuandika. Ukurasa wa kwanza unafungwa saa tatu. Natuma stori kwenye mfumo wa chumba cha habari Dar es Salaam, haiendi. Natuma tena, inazunguka tu. Nampigia mhariri, ananing'akia kabla sijasema neno: "Wewe dogo, stori iko wapi?" Namwambia bosi, mtandao wa huko ndiyo umekufa, siyo mimi. Mwishowe nikamrushia kwa WhatsApp kwenye simu yake, na dada mmoja wa chumba cha habari akaishika simu mkono mmoja, anasoma huku anachapa upya kwenye kompyuta ya kupanga kurasa. Katika mkurupuko ule sifuri moja ikapotea njiani. Asubuhi gazeti likatoka na tozo iliyopungua mara kumi, jina langu juu yake. Kesho yake tukaomba radhi. Wasomaji hawana habari ya sifuri wala WhatsApp, wao wanajua jina lililo juu ya stori.

Niliporudi Dar nilimtafuta fundi wetu wa mitandao, kaka mmoja mpole asiyependa kelele. Nikamuuliza: "Kaka, si mlituambia mna mashine mbili, moja ikifa nyingine inashika?"

Akatabasamu kwa uchovu. "Mbili zipo, mdogo wangu. Na zote mbili zilikuwa zinafanya kazi. Hilo ndilo tatizo lenyewe."

Sikumwelewa. Ndipo ilipoanza safari yangu ya kusoma, na ndiyo ninayotaka kuwasimulia leo.

Kwanza kwa wale ambao siyo watu wa kompyuta. Fayawoli ni mlinzi wa getini. Kila kinachoingia au kutoka kwenye mtandao wa ofisi kinapita kwake, naye anaamua kipite au kirudishwe. Zamani kila idara iliyotaka mlinzi wake ilinunua boksi lake. Siku hizi boksi moja kubwa linagawanywa ndani kwa programu na kuwa fayawoli nyingi, kila moja na sheria zake, kana kwamba ni boksi tofauti. Hizo ndizo fayawoli pepe. Sisi tulikuwa nazo nne: ya gazeti, ya redio, ya tovuti na ya uhasibu. Zote zilikaa ndani ya maboksi mawili yaliyofungwa pamoja, kile wanachokiita klasta.

Sasa, maboksi mawili unayatumiaje? Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza, boksi moja linabeba fayawoli zote nne na la pili linakaa tayari, linasubiri mwenzake afe. Ya pili, yanagawana mzigo: gazeti na uhasibu huku, redio na tovuti kule, na moja likifa mwenzake anabeba zote. Njia ya kwanza ni tairi la spea. Ya pili ni matairi pacha ya nyuma ya lori. Mtu yeyote aliyewahi kusafiri na lori la mizigo anajua kinachotokea pacha mmoja akipata pancha na dereva akaendelea kukanyaga mafuta: yule aliyebaki anabeba uzito wa wawili, anapata moto, naye anapasuka kilomita chache mbele.

Ubishi huu wa spea na pacha ni wa kale kuliko intaneti yenyewe.

Rudi nyuma hadi mwaka 1958. Marekani ilikuwa na hofu ya ndege za mabomu za Kisovieti, ikajenga mfumo wa ulinzi wa anga ulioitwa SAGE. Kituo cha kwanza kilianza kazi mwaka huo huko McGuire, New Jersey. Kompyuta zake zilitengenezwa na IBM, na kila moja ilikuwa na makumi elfu ya valvu za kioo, kama zile za redio za kizamani za babu zetu. Valvu huungua kama balbu, na ukiwa na makumi elfu, haipiti siku hujabadilisha. Kwa hiyo kila kituo kilipewa kompyuta mbili. Moja inatazama anga, ya pili imewashwa, inangojea. Hebu fikiria gharama yake: mashine inayojaza ghorofa nzima, imekaa bure kwa makusudi! Lakini hakuna mhasibu aliyethubutu kuuliza kwa nini, maana jibu lilikuwa ni bomu la nyuklia.

Miaka saba baadaye wenye simu wakafuata. Mwaka 1965, katika mji mdogo wa Succasunna, New Jersey hiyo hiyo, kampuni ya Bell ilifungua swichi ya simu ya kielektroniki iliyoitwa No. 1 ESS. Lengo lake mpaka leo linanishangaza: isizimike zaidi ya saa mbili katika miaka 40. Siyo saa mbili kwa mwezi, ndugu zangu wa mgao wa umeme. Ndani yake kulikuwa na prosesa mbili zinazofanya hesabu ileile kwa wakati mmoja na kulinganisha majibu, moja ikiwa ndiyo yenye kauli. Ya pili haikai bure kabisa, lakini pia haikuongezei nguvu hata chembe. Umenunua mbili, unapata kazi ya moja.

Hapo ndipo wafanyabiashara walipoanza kukuna vichwa. Benki haiogopi mabomu, inaogopa hasara. Mwaka 1974 bwana mmoja aitwaye James Treybig alianzisha kampuni ya Tandem huko California, na mwaka 1976 mashine yao ya kwanza ikaenda Citibank. Hoja ya Tandem ilikuwa tamu sana masikioni mwa mwenye fedha: kwa nini ulipe mashine ya kukaa? Kwao prosesa zote zilifanya kazi halisi, kila moja yake. Ila kila programu muhimu ilikuwa na pacha wake amelala kwenye prosesa nyingine, akipelekewa taarifa kila hatua, ili mwenzake akianguka yeye aamke na kuendelea palepale. Jina waliloliipa mashine ni NonStop. Mashine za kutolea fedha na masoko ya hisa yalizipenda.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipoanza kumwelewa fundi wetu. Pale Tandem alifanya kazi mtaalamu aitwaye Jim Gray, ambaye baadaye, mwaka 1998, alipata tuzo ya Turing, ile inayoheshimiwa kuliko zote katika fani ya kompyuta. (Alipotea baharini na mashua yake Januari 2007, hakuonekana tena.) Mwaka 1985 Gray aliandika ripoti akiuliza swali jepesi: kompyuta husimama kwa sababu gani? Akakusanya taarifa za mashine za wateja wa Tandem. Vifaa vilivyoharibika vilikuwa chanzo cha asilimia 18 tu. Programu zenye kasoro, asilimia 25. Na asilimia 42? Watu. Waliopanga vibaya, waliorekebisha kitu kisichohitaji kurekebishwa, waliochomoa waya usio wenyewe.

Yaani ukishatatua tatizo la vifaa kwa kununua viwili viwili, tatizo linalobaki ni wewe. Na kila unapoongeza ufundi wa kugawana mzigo, unaongeza mahali pa wewe kukosea. Hii hoja huwa haimo kwenye vipeperushi vya wauzaji.

Haya, tufike kwenye fayawoli zenyewe. Novemba 1988 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Tappan Morris, aliachia programu inayojisambaza yenyewe, ikalaza maelfu ya kompyuta kwenye intaneti changa ya wakati ule. Taasisi zikaanza kutamani walinzi wa getini. Walinzi wa mwanzo walikuwa wazito wa akili: kila pakiti waliihukumu peke yake, hawakumbuki iliyopita. Kisha mwaka 1993 vijana watatu wa Israeli, Gil Shwed, Shlomo Kramer na Marius Nacht, wakaanzisha Check Point, na mwaka 1994 bidhaa yao ya FireWall-1 ikashika soko. Hii ilikuwa na daftari. Mtu wa ndani akianzisha mazungumzo na nje, mlinzi anaandika daftarini, na jibu likirudi analiangalia: aha, wewe ulitarajiwa, pita.

Daftari hilo ndilo lililoleta balaa lote la kuchagua. Mlinzi asiye na daftari unaweza kumbadilisha wakati wowote. Mwenye daftari akifa, mrithi wake asiye na nakala atawakatalia watu wote waliokuwa katikati ya mazungumzo. Kwa hiyo lazima mashine mbili ziwe zinanakiliana daftari muda wote. Na kama zote mbili ziko kazini, kuna hatari nyingine: pakiti inatokea mlango wa kwanza, jibu linarudia mlango wa pili, na mlinzi wa pili bado hajapata nakala. "Sikufahamu," anasema, na anaitupa.

Mtindo wa spea hauna shida hiyo, maana mlango ni mmoja. Ndiyo maana ulitangulia. Cisco walikuwa na mbinu yao ya ruta kurithiana anwani, na mwaka 1998 ukatoka utaratibu wa wazi ulioitwa VRRP kwa kazi hiyohiyo. Cisco wakasema kuna hataza yao humo ndani. Jamaa wa OpenBSD, mradi wa programu huria unaoongozwa na Theo de Raadt kutoka Calgary, Kanada, wakakasirika, wakaandika wa kwao kabisa, CARP, uliotoka na toleo la 3.5 Mei 2004, pamoja na pfsync ya kunakili daftari. Walipoomba namba rasmi ya utaratibu wao hawakupewa. Wakajichukulia 112, namba ileile ya VRRP! Mimi nimecheka sana niliposoma hilo. Ila faida yake ilikuwa kubwa kwa watu wa kwetu: ofisi isiyo na hela iliweza kuchukua kompyuta mbili kuukuu na kupata fayawoli yenye spea bila kumlipa mtu leseni.

Kugawana mzigo kwenye fayawoli moja kulijaribiwa pia, na kulisumbua. Check Point walikuwa na namna mbili. Katika ya kwanza kila pakiti inafikishwa kwa mashine zote na kila moja inapiga hesabu kujua kama ni yake. Kwa hilo wanatumia anwani ya kundi, na kanuni za ruta za mwaka 1995 zinaiambia ruta isiamini jibu la namna hiyo. Basi mafundi wakawa wanakesha kuzibembeleza ruta. Katika ya pili mashine moja inapokea vyote na kuwagawia wenzake. Hiyo ni sawa na konda anayekusanya nauli za daladala tatu: mzigo umegawanywa, lakini konda ndiye anayezimia kwanza.

Fayawoli pepe ndizo zilizobadilisha mchezo, na hapa nawavulia kofia wahandisi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni kama NetScreen (ambayo Juniper waliinunua mwaka 2004 kwa takriban dola bilioni 4) na Check Point kwa bidhaa yao ya VSX walikuwa wanauza boksi moja lenye fayawoli nyingi ndani. Mwaka 2005 Cisco nao, kwa toleo la 7.0 la PIX, wakaruhusu maboksi mawili yote kuwa kazini: fayawoli pepe zinagawanywa makundi mawili, kundi moja linaishi huku, jingine kule. Umeona ujanja? Hugawi tena mazungumzo ya fayawoli moja kwa mashine mbili. Unagawa fayawoli nzima nzima. Kila moja ina mlango mmoja na daftari moja, pakiti haipotei njia. Shida iliyowakesha watu miaka kumi ikaondoka.

VSX waliupeleka mbali zaidi. Ukiwa na mashine tatu au zaidi, kila fayawoli pepe ina mahali inapofanya kazi, mahali pa pili ambapo nakala ya daftari inasubiri, na kwingineko umewekwa mpangilio tu bila daftari, ili mashine zisijae kelele za kunakiliana. Iliyo kazini ikifa, ya pili inashika, na moja ya zile nyingine inapandishwa cheo kuwa nakala mpya. Nzuri sana. Tena ina faida moja ambayo mtindo wa spea hauna: kila mashine inafanya kazi kila siku, kwa hiyo ikiumwa utajua. Spea halisi ya gari ni mangapi umeyakuta hayana upepo siku ya pancha? Mashine inayosubiri miaka mitatu bila kuguswa inaweza kuwa imeshakufa zamani, ila hajaigundua mtu.

Basi kama ni nzuri hivyo, sisi kilitupata nini?

Hesabu, wadau. Hesabu ya darasa la nne. Fundi alinichorea nyuma ya bahasha. Boksi la kwanza, lenye gazeti na uhasibu, lilikuwa linatumia asilimia 70 ya nguvu zake saa za pilikapilika. La pili, lenye redio na tovuti, asilimia 70 pia. Kila aliyetazama picha kwenye skrini aliona mambo shwari, bado asilimia 30 ya kupumua. Jioni ile ya bajeti, watu wamejaa kwenye tovuti kusoma bei ya mafuta, boksi la kwanza likafa. La pili likapokea fayawoli zote nne, sawasawa kama ilivyopangwa. Sabini na sabini ni mia na arobaini. Likapasuka.

Kwenye mashine mbili, kinachowezekana kubebwa kwa usalama ni kazi ya mashine moja tu, uite spea au uite kugawana. Ukigawana, kila moja isivuke nusu. Zikiwa tatu, kila moja isivuke theluthi mbili. Zikiwa nne, robo tatu. Kwa hiyo kugawana mzigo kunaanza kukulipa kweli kuanzia mashine ya tatu. Kwa mbili, ile nusu ya ziada unayoiona kwenye skrini siyo yako. Ni ya marehemu mtarajiwa.

Lakini kilichoniuma zaidi ni jambo jingine alilosema fundi kama kwa bahati mbaya tu. Tungekuwa na mtindo wa spea, alisema, siku mzigo ulipofika mia moja mashine iliyo kazini ingelia, kila mtu angelalamika, na mama mhasibu angelazimika kutoa hela ya maboksi makubwa zaidi. Kugawana mzigo kulituficha. Tulivuka mstari mwaka mzima nyuma bila mtu kujua, kwa sababu pacha wawili walikuwa wanabeba kimya kimya. Na nani alitaka kugawana? Siyo yeye. Mwanzo aliweka spea. Mama mhasibu akaja na orodha ya mali za kampuni, akaona boksi la mamilioni linatumia asilimia mbili ya nguvu zake, akauliza swali lilelile la Treybig: kwa nini tunalipia mashine ya kukaa? Simlaumu sana. Kwenye karatasi yuko sahihi kabisa, na hakuna aliyemchorea bahasha.

Niongeze dokezo moja kabla sijasahau. Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika zote pamoja, na Tanzania nzima ikajua maana ya intaneti ya kobe. Kampuni nyingi zilikuwa zimejipanga vizuri: waya mmoja ukikatika, tunahamia wa pili. Tatizo nyaya zile mbili zilikatikia eneo moja, kusini mwa pwani ya Afrika. Spea uliyoifunga palepale penye msumari nayo ina mashaka. Nilimuuliza fundi maboksi yetu yanachukua umeme kutoka wapi. Akanitazama tu, akasema hilo alishalirekebisha, na tusiliandike. (Samahani kaka.)

Ningeambiwa nichague leo kwa ofisi yenye mashine mbili na fundi mmoja, ningeweka spea bila kufikiri mara mbili. Mambo yote yako sehemu moja, kukitokea hitilafu unajua pa kutazama, na ile asilimia 42 ya Gray inapungua kidogo. Ila ningempa fundi amri ya kubadilishana zamu kila mwezi, aliyelala aamke, ili nijue spea ina upepo. Kwenye kampuni yenye mashine tatu na fayawoli makumi, ya wateja mbalimbali, kugawana ndiyo njia, mradi mtu anazijumlisha zile asilimia kila wiki badala ya kutazama moja moja.

Sisi mwaka 2024 tulipata boksi la tatu. Ile mia na arobaini sasa inagawanywa kwa tatu, kila moja iko chini kidogo ya hamsini, na ikifa moja zinazobaki zinapanda hadi sabini. Fundi haamini maneno hata ya hesabu zake mwenyewe, kwa hiyo Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa kumi na moja alfajiri, anazima moja kwa makusudi. Juzi alinipigia saa hiyohiyo, mimi nimelala.

"Dogo, nimezima moja. Zimebaki mbili. Tuma kitu."

Nikatuma stori ya zamani ya bajeti, ile ya tozo, na sifuri yake. Ikafika.